Mikono Nyuma ya Nguzo

Nguzo yenyewe ilikuwa nene, imepakwa chokaa, inabeba paa la makuti la ukumbi wa hoteli moja hapa Malindi. Naijua kuliko mlango wa nyumba yangu. Miaka sita nilipiga kinanda nyuma yake, spika mbili zikiwa zimesimamishwa ubavuni kuziba pale ambapo nguzo ilishindwa kuziba. Mgeni aliyeketi meza za mbele aliona magita mawili, besi, mpiga drumu, mwimbaji na wasichana watatu wa kucheza chakacha. Kinanda alikisikia tu. Wapo waliodhani ni kanda.

Na bendi hiyo niliianzisha mimi. Mimi na mtoto wa ami yangu, mwaka 1995, katika ghala la nazi la babu yetu kule Shela.

Nianze na mikono, maana bila mikono hii habari haina kichwa. Nina mbalanga. Ilianza nikiwa na miaka 22, doa dogo kwenye kidole gumba, nikadhani ni chokaa ya ukutani, nikalisugua kwa sabuni. Baada ya mwaka vidole vyote vilikuwa vimegeuka, kisha midomo, kisha ngozi inayozunguka macho, nikawa kama mtu aliyevaa miwani ya unga. Mama alinizungusha: visomo, mafuta ya habasoda, majani ya kuchemsha kutoka kwa mzee mmoja wa Mambrui yaliyonifanya niharishe siku nne. Mwishowe daktari wa ngozi akanieleza kwa dakika tano. Kinga ya mwili inazishambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, basi. Haiambukizi, haiumi, haimpunguzii mtu siku. Mama alinishika vidole njia nzima ya kurudi nyumbani, akasema chanda chema huvikwa pete, kiwe cheusi au cheupe. Mimi nilitazama dirishani.

Muziki niliupata kwa ami. Alikuwa mpiga akodioni wa taarabu za harusi, mtu wa kanzu safi na maneno machache, na mchana harusi zisipokuwapo aliniachia nivute ile akodioni yake hadi kifua kinaniuma. Roki ilitujia kwa njia nyingine kabisa, kwenye mizigo ya watalii. Kaka yake binamu yangu alikuwa akisafisha vyumba hotelini, na watalii ni watu wa kusahau. Kaseti zilizobaki chini ya vitanda bila mwenyewe kuziulizia, baada ya mwezi mmoja zilikuwa zetu. Nyingi hazikuwa hata na majina. Tulizijua kwa rangi: ile nyekundu, ile iliyovunjika pembe.

Binamu alipata gita. Mimi nikauza baiskeli na mbuzi wawili, nikaongezewa na mama, nikapanda basi hadi Mombasa, kilomita kama 120, nikarudi na kinanda cha Yamaha cha mkono wa pili nimekipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. Vitufe vitatu vilikuwa vimekufa. Nilijifunza kuviruka, na hadi leo nikipiga kinanda kizima kuna noti ambazo vidole vyangu haviziamini.

Kitu tulichokuwa tukikitafuta katika lile ghala wala hatukujua kina jina. Ngoma ya chakacha huenda matatu matatu, kiuno ndicho kinachohesabu. Roki ya kawaida huenda manne, mguu ndio unaohesabu. Ukizigonganisha ovyo, mpiga drumu anatupa vijiti. Lakini ipo roki ya zamani, ile iliyotoka kwenye piano za watu weusi wa Marekani, ambayo kila pigo lake ndani limegawanywa matatu. Hiyo ukiiweka juu ya chakacha inakaa kama kifuniko juu ya chungu chake. Mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unachokoza. Siku tulipokipata hicho kitu, mzee aliyekuwa akifua nazi uani aliacha kazi akaja kusimama mlangoni. Hakusema neno. Alisimama tu na kifuo chake kimemngoja.

Tukafika watu sita. Tukapiga harusi, tukapiga Idi, tukapiga kwenye baa mbili ambazo mama hakutakiwa kuzijua. Mapato tuligawana kwa fungu, kama wavuvi wanavyogawana samaki: fungu la chombo, yaani la mafuta na matengenezo, kisha kila mtu fungu lake sawa. Hapakuwa na karatasi. Nani aandike karatasi na mtoto wa ami yake?

Halafu ikaja Agosti 1997, fujo za Likoni. Malindi ni mbali na Likoni, lakini mtalii aliyeko Milano haijui tofauti hiyo. Aliona Pwani ya Kenya kwenye televisheni, akaenda kwingine. Mwishoni mwa mwaka huohuo mvua za El Niño zikakata barabara. Mwaka uliofuata, Agosti 1998, bomu likalipuka Nairobi. Hoteli zikafunga, nyingine zikabaki na mlinzi na paka. Kufikia 1999 tulikuwa na njaa ya kweli, na nataka hilo lieleweke, maana nikiwahadithia watu kilichofuata huwaona wenzangu kama wanyama. Hawakuwa wanyama. Walikuwa na watoto.

Tulikuwa tumepata meneja, kijana wa Mombasa mwenye simu ya mkononi wakati ambapo simu za mkononi zilihesabika. Akatuletea kandarasi ya hoteli, usiku nne kwa wiki, chakula juu. Hoteli za Kitaliano za huku kwetu zina watu wa animatori, kazi yao ni kumchangamsha mgeni kuanzia asubuhi bwawani hadi usiku jukwaani, na mkubwa wao alikuja kututazama tukifanya mazoezi. Alipiga makofi. Alicheza kidogo hata. Kisha akamvuta meneja pembeni, na mimi niliyazoea mazungumzo ya pembeni kiasi kwamba nilijua mada kabla hawajarudi.

Tuliambiana kesho yake kwenye kahawa chungu. Meneja ndiye aliyesema.

"Kaka, muziki wako hauna neno. Bila wewe hakuna bendi, hilo kila mtu anajua. Ni sura tu. Wageni wanakula pale, wengine watauliza ni ugonjwa gani. Taa zile zikikupiga mikononi... unaelewa. Utapiga, lakini si mbele."

Nilimtazama binamu. Alikuwa akiizungusha kashata kwenye kisahani, akiizungusha, akiizungusha. Ami yangu, baba yake, alinifundisha kila kitu ninachokijua, na mwanawe alishindwa kuinua macho kutoka kwenye kashata. Nikasema sawa.

Nimelifikiria hilo "sawa" kwa miaka mingi kuliko nilivyofikiria kitu chochote. Lilitoka haraka mno. Hata meneja alishangaa. Alikuwa amejiandaa kwa hotuba ndefu zaidi, na sasa alibaki nayo mdomoni.

Basi nikahamia nyuma ya nguzo. Na kwa kuwa mtu asiyeonekana ana muda, nikawa pia dereva wa pikap, mbeba spika, mfunga nyaya. Kazi hiyo niliipenda, sitadanganya. Vyombo vya muziki kando ya bahari vinataka mtu wa kuvihurumia. Hewa ya chumvi inazila nyuzi za gita kwa wiki mbili, inaotesha kutu kwenye plagi hadi sauti inakwaruza kama kuku anayepekua. Nilitembea na kitambaa kikavu mfukoni. Waya unakunjwa kwa kuufuata mviringo wake wenyewe, unaugeuza kiganjani. Ukiuzungushia kiwiko kama kamba ya ngalawa, unakatika ndani kwa ndani na hutaujua kidonda chake mpaka siku ya harusi ya mtu mkubwa. Mpiga drumu alikuja akakuta ngoma zake zimepangwa kama anavyozipanga mwenyewe, urefu wa kiti hadi nusu inchi. Wenzangu walisema nina moyo mkubwa. Walilisema mara nyingi.

Mwaka 2001 tulirekodi kaseti Mombasa. Nyimbo nane, tano kati yake mwanzo wake umetoka kwenye vidole vyangu. Siku ya picha ya jalada niliambiwa niende kununua betri. Mwenyewe nilijua betri zipo. Nilienda, nikakaa chini ya mkungu, nikanunua madafu mawili nikayanywa yote, nikarudi picha imekwisha. Jalada lilipotoka lilikuwa na watu watano na gari la kukodi.

Bila shaka kuna mtu anauliza: na fungu? Fungu lilibadilika taratibu, kama maji yanavyokupwa, hulioni likiondoka. Kwanza meneja akawa na fungu lake. Halafu wachezaji chakacha wakalipwa kabla ya kugawana. Halafu usiku mmoja nikapewa bahasha, na ndani yake mlikuwa na pesa za kutwa, kiasi kilekile anacholipwa kibarua wa kupanga viti. Nilipouliza nikaambiwa mafungu ni ya "walio jukwaani". Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ikalipuliwa, wageni wakatoweka tena, na kwa miezi kadhaa hata bahasha hiyo haikuja. Hapo hata kulalamika kulionekana utovu wa adabu.

Aliyenitoa tongotongo alikuwa mzee mmoja wa Kitaliano aliyehamia Malindi siku nyingi, mjane, anayeishi upande wa Casuarina na mbwa watatu. Alikuwa na tabia ya kuzunguka jukwaa wakati wa kupumzika, kama fundi anayetaka kuona nyuma ya redio. Usiku mmoja mwaka 2003 akanikuta nimeketi kwenye kreti ya soda nyuma ya nguzo, nakula wali. Akanitazama mikono, akatazama kinanda, akatazama nguzo. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kilichojaa vidole: "Ah! Wewe Stu!"

Nikamwambia mimi siitwi Stu.

Akarudi wiki iliyofuata na kaseti na hadithi. Hadithi yenyewe aliisimulia kinyume: kwamba kulikuwa na dereva wa Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, aliyejifunza piano kwa kuwatazama. Miaka baadaye, intaneti ilipotufikia, nilijisomea mwenyewe, na ukweli ulikuwa mchungu zaidi. Ian Stewart, huyo Stu, hakuwa dereva aliyejifunza piano. Alikuwa mpiga piano aliyefanywa dereva. Mwaka 1962 Brian Jones, mwanzilishi wa bendi hiyo, alitangaza katika gazeti la Jazz News la London kwamba anatafuta wanamuziki, na Stewart, Mskoti mwenye kidevu kama sanduku, ndiye aliyekuja wa kwanza. Mick Jagger na Keith Richards walimkuta. Kila anayeitaja bendi ile anaanza na hao wawili, na hao wawili waliingia mlango uliofunguliwa na yeye.

Walipiga onyesho lao la kwanza katika ukumbi wa Marquee, Julai 12, 1962. Mwaka uliofuata akaja meneja, Andrew Loog Oldham, kijana wa miaka 19. (Niliposoma umri huo nilicheka peke yangu. Kumbe mameneja wote ni wamoja.) Akasema watu sita ni wengi mno kwa mashabiki kuwakumbuka, na huyu mkubwa wa umbo, mwenye uso wa mtu wa ofisini, haingii kwenye picha. Stewart alikuwa na miaka 24. Akaambiwa anaweza kubaki awe anaendesha gari, anabeba vyombo, na anapiga piano wakati wa kurekodi. Akasema sawa. Albamu yao ya kwanza, ya 1964, jaladani ina nyuso tano na hakuna hata jina la bendi. Piano imo ndani. Mpigaji hayumo nje.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Nilikuwa na hakika kwamba mbalanga ndiyo iliyonitia nyuma ya nguzo, kwamba ningekuwa na ngozi ya binamu yangu ningekuwa mbele. Kumbe yupo mtu aliyetolewa kwa sababu ya kidevu. Ngozi yake nzima, afya yake nzima, kidevu tu. Jukwaa likitaka kisingizio halikosi. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini wanaouuza mkakasi walilijua hilo tangu zamani na biashara haijawahi kusimama.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa kwingine. Nilipoendelea kusoma niliona kwamba Stewart alibaki na bendi ile zaidi ya miaka 20, na katika muda wote huo hakuwahi kuacha kuwa mkaidi. Alipenda bugi na bluzi na hakupenda kodi za maina. Nasema kodi za muziki, noti zinazopigwa kwa pamoja, si za kaunti. Zile zenye huzuni ndani yake. Alikataa kuzipiga. Mwenyewe alieleza kwamba akiwa jukwaani nao na kodi ya maina ikafika, aliinua mikono yake juu kwa kupinga, akangoja ipite. Desemba 1969 walipokuwa wakirekodi Muscle Shoals, Alabama, ulikuja wimbo wenye kodi hizo, akaachia piano, ikabidi ipigwe na mtu mwingine, Jim Dickinson. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga safari, Keith Richards amesimulia jinsi alivyokuwa akiwapangia hoteli maili kadhaa nje ya mji, mbali na wasichana na vurugu, na asubuhi wakiamka wanakuta dirishani uwanja wa gofu. Yeye alipenda gofu. Hawa ni vijana waliokuwa wakipigiwa kelele dunia nzima, na mtu wa gari amewalaza karibu na uwanja wake wa gofu.

Richards alisema pia kwamba yeye angeambiwa hivyo na Oldham angemtukana, lakini Stu alikuwa na moyo mkubwa. Mtanisamehe, lakini hapo nilisimama kusoma. Moyo mkubwa wa mtu husifiwa na waliopishwa nafasi. Sijasikia aliyenyimwa nafasi akiusifu wake mwenyewe.

Hata hivyo nadhani Richards alikosea kidogo, au hakumaliza. Stewart alikubali kuondolewa kwenye picha. Hakukubali kuondolewa kwenye muziki. Jagger amesema yeye ndiye mtu waliyetaka kumridhisha, wakitunga kitu wanamtazama yeye kwanza. Mimi nilipokubali nyuma ya nguzo nilikubali vyote kwa pamoja. Nikaacha kusema wimbo huu uko haraka mno. Nikaacha kusema mwimbaji anapita nje ya sauti. Wakiniuliza, nasema ni sawa tu. Kuna wimbo mmoja wa kukaribisha wageni, kila aliyewahi kulala hoteli ya Pwani anaujua, tuliupiga mara tatu kwa usiku mmoja, na kila mara tulipouanza nilihisi jino linaniuma. Sikuwahi kusema. Mikono yangu haikuinuka hata mara moja.

Na kuna usiku ulionionyesha nimefika wapi. Ilikuwa msimu wa 2004, ukumbi umejaa, stima zikapotea. Malindi si habari hiyo. Kwa kawaida jenereta huchukua dakika moja. Usiku ule ilikataa. Magita yakafa, kinanda kikafa, maiki ikafa, mpiga drumu akaendelea kidogo peke yake akaona aibu akanyamaza. Wageni wakaanza kunong'ona. Nyuma ya nguzo nilikuwa na ile akodioni ya ami, aliyotuachia alipofariki; niliitunza kwenye pikap kwa sababu binamu hakuwa na mahali pakavu. Nikaivaa. Nikatoka nayo gizani, nikapita katikati ya nyaya ambazo nilizijua kwa nyayo, nikasimama mbele kabisa, hatua mbili kutoka meza ya kwanza, nikaanza ile tuliyoipata kwenye ghala la nazi. Mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unachokoza. Mpiga drumu alinidaka kwa vijiti kwenye ukingo wa ngoma. Wasichana wakaanza vigelegele. Watu wazima wa Kitaliano walikuwa wakigonga meza kwa vijiko. Sijui ilichukua muda gani. Dakika kumi na tano, labda ishirini. Sijawahi kupiga hivyo tena.

Jenereta ilipowaka na taa zikarudi, hakuna aliyeniambia kitu. Hapo ndipo pa kushangaza. Mkubwa wa animatori alikuwa akipiga makofi. Meneja hakuwapo hata. Hakuna aliyeninyooshea kidole, hakuna aliyetikisa kichwa. Ni mimi mwenyewe. Taa zilipoanza kumetameta niligeuka, nikatembea haraka, nikaingia nyuma ya nguzo kabla hazijashika sawasawa. Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye kreti yangu, nahema, nilipotambua nilichofanya. Makofi yaliendelea kule mbele, na mwimbaji akayapokea kwa kuinama, kwa sababu ilibidi mtu fulani ayapokee.

Niliondoka mwaka uliofuata. Ningependa kusema niliondoka kwa heshima, kwa hotuba. Niliondoka kwa ugomvi wa shilingi 800 za mafuta ya pikap, nikasema maneno ambayo nayajutia na mengine ambayo sijutii, na binamu akasema maneno yake. Kwa muda mrefu tulisalimiana msikitini tu. Kama kuna kijana anasoma haya na anaanza bendi na ndugu yake: andikeni. Andikeni nani katunga nini, fungu ni ngapi, na likibadilika linabadilishwa na nani. Karatasi moja ya daftari inatosha, mashahidi wawili. Sisi tuliona aibu kuandikiana kwa sababu ni ndugu, halafu tukakosana kama watu baki.

Stewart mwenyewe alifariki Desemba 12, 1985, London, akiwa na miaka 47. Alikuwa ameketi kwenye chumba cha kungojea daktari, moyo ukasimama. Mwaka 1989 bendi ilipoingizwa katika ukumbi wa heshima wa roki huko Marekani, wenzake waliomba jina lake liwemo, likawemo. Watu huyamalizia hapo masimulizi yake, kama deni lililolipwa. Mimi huwaza kile chumba cha kungojea. Mtu aliyezoea kungoja.

Siku hizi nafundisha watoto kinanda barazani kwangu. Hotelini sikurudi, na korona ya 2020 ilipokuja ukumbi wenyewe ulifungwa. Nasikia makuti yameanguka upande mmoja. Wazazi wengine wakiona mikono yangu mara ya kwanza huvuta pumzi, kisha mtoto anauliza kwa sauti, "Mwalimu, mbona mikono yako hivi?" nami namwambia, na tunaendelea. Watoto hawana nguzo.

Mwaka juzi binamu alipiga simu. Bintiye anaolewa, karamu ya jioni nyumbani kwao kule Ngala, na angependa tupige, sisi wa zamani, waliobaki. Akanyamaza kidogo. "Kinanda nimekiweka mwenyewe," akasema. Nikadhani anamaanisha amekodi. Nilipofika nilielewa. Kilikuwa mbele, katikati, chini ya taa, hakuna spika ubavuni. Hakusema chochote kuhusu hilo, nami sikusema. Alinipa chai.

Tulipiga vibaya mwanzoni. Mpiga besi ana kisukari na vidole vimekufa ganzi. Mpiga drumu amekuwa mtu wa kwaito za wajukuu. Wimbo wa tatu tukaanza kupashana moto. Ndipo mgeni mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu wa utalii nadhani, akapaza sauti kuuomba ule wimbo wa hotelini, wa kukaribisha wageni. Watu wakacheka, wakashangilia. Binamu, kwa mazoea ya miaka, vidole vyake vikauanza kabla kichwa hakijaamua.

Nikainua mikono. Yote miwili, juu kabisa, chini ya ile taa, myeupe kama ilivyo.

Gita liliendelea peke yake kidogo, likajikwaa, likanyamaza. Binamu akageuka. Alitazama mikono, akaitazama sana, na nadhani ni mara ya kwanza aliitazama tangu tukiwa vijana.

"Hutaki?"

"Siutaki. Sikuwahi kuutaka."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote ile."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Basi taja wewe," akasema.

Nikaishusha, nikaanza na wa kushoto.